Bastola ya risasi moja ikigoma kufunga au kukoki

Nyundo ya Contender, bastola ya risasi moja, ikikataa kurudi nyuma, watu huanza kupambana na nyundo yenyewe. Inavutwa kwa nguvu, inamwagiwa mafuta, na asiye na subira anachukua bisibisi. Mara nyingi nyundo haina kosa. Bastola hii iliyobuniwa na Warren Center na kuingia sokoni 1967 ina kizuizi cha ndani kinachoishika nyundo mpaka makomeo ya mtutu yaingie sawasawa kwenye fremu. Kutokoki ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye kufunga.

Kabla ya lolote, fungua, toa risasi, chungulia chemba, halafu ingiza kidole kuhakikisha. Risasi zikae chumba kingine. Majaribio yote ya hapa chini ni ya bastola tupu au maganda yasiyo na baruti wala fataki (kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa ganda).

Kuna hali moja isiyo hitilafu kabisa. Kwenye Contender ya zamani, ukikoki kisha ukairudisha nyundo taratibu bila kufyatua, haitakoki tena mpaka uvute kinga ya triga, ufungue mtutu na kufunga upya. Ndivyo ilivyoundwa. Toleo la baadaye, G2, halina masharti hayo: unakoki, unashusha, unakoki tena bila kufungua. Kwa hiyo ukinunua bastola iliyokwisha kutumika, jua kwanza umeshika ipi.

Sasa funga ikiwa tupu na ukoki. Ikikubali mara kumi mfululizo, fremu na mtutu havina tatizo na lawama inahamia kwenye risasi. Ikigoma hata ikiwa tupu, angalia namna unavyofunga. Makomeo husukumwa na springi, na ukiufunga mtutu polepole kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, msuguano unaweza kuyashikilia nusu njia. Funga kwa mkono mkavu, kwa mshtuko mfupi. Si kuurusha kwa kiwiko kama kwenye sinema. Hilo linaichosha bawaba. Ukishafunga, tazama kinga ya triga: isiporudi mpaka mahali pake, makomeo hayajaingia yote.

Ukiwa na mtutu wa pili, ubadilishe kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Kila mtutu una makomeo yake na hukaa kwa namna yake kwenye fremu. Tatizo likifuata mtutu, tafuta kwenye mtutu. Likibaki, tafuta kwenye fremu. Dakika mbili zinaokoa mchana mzima. Ila mtutu wa Encore, bastola nyingine ya mtindo huu, usijaribu kuupachika hapa, hauingiliani na Contender.

Uchafu ndio mkosaji mkubwa, na hukaa pale asipopatazama mtu. Toa kibao cha mbele (kile kilicho chini ya mtutu), sukuma pini ya bawaba, ondoa mtutu. Sehemu tatu zinataka kazi. Ya kwanza ni ukingo wa fremu ambao makomeo hukalia: grisi iliyoganda, ikichanganyika na masizi, huwa ngumu kama lami. Kijiti cha mbao chenye ncha na mswaki uliochovywa kwenye kiyeyushi vinatosha. Patasi na msasa viache. Ya pili ni makomeo yenyewe. Yabonyeze kwa kidole gumba: yaingie bila kukwaruza na yaruke nje yenyewe ukiachia. Likirudi kwa uvivu, safisha kwanza, springi baadaye. Ya tatu ni nyuma ya kichomoa ganda. Punje moja ya baruti isiyoungua ikijibana hapo, kichomoa kinabaki kimeinuka juu ya uso wa mtutu na bastola haitafunga hata uifanyeje. Weka rula ya chuma juu ya uso wa mtutu, kichomoa kikiwa kimesukumwa ndani. Mwanga ukipenya kando yake, umempata mwizi. Ukimaliza, paka mafuta kidogo sana, utando tu. Mafuta mengi yanaalika vumbi lile lile.

Ukirudisha kibao cha mbele, hakikisha mwisho wake haugusi fremu na skrubu zake ni zile zile. Mbao iliyovimba kwa unyevu inaweza kuzuia mtutu kupanda milimita ya mwisho. Jaribu kufunga bila kibao: ikikubali, hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Kama bado ina wasiwasi, chora uso wa makomeo kwa maka peni, funga mara mbili tatu, fungua uangalie. Wino uliofutika kwenye eneo pana unaonyesha yanaingia. Ukifutika nchani tu, yanashika kwa ncha, na hapo kizuizi kinakatalia nyundo kwa haki. Usiyapige tupa. Umbali kati ya mtutu na uso wa fremu unategemea vipande hivyo, na ukishakula chuma hukirudishi.

Upande wa risasi, hasa kwa wanaojaza upya maganda wenyewe, kuna mambo mengi zaidi. Mtutu ukiwa umetolewa, tumbukiza ganda tupu kwenye chemba na ulisukume mpaka kichomoa kiingie. Kitako chake kinatakiwa kulingana na uso wa mtutu, pitisha rula. Kikichomoza, jiulize ni ganda la aina gani. Lenye ukingo mnene, kama .357 Magnum, ukingo wake ni takriban milimita 1.5, na kinachoinua ni uchafu kwenye kikato ambamo ukingo hukaa au ukingo uliopigwa ukakunjika. Kwenye .22 LR ukingo ni milimita 1.09 hivi, na nta pamoja na madini laini ya risasi hujikusanya hapo haraka; mswaki wa shaba kila baada ya mazoezi unatosha.

Ganda lenye bega (pale linapopungua kuelekea shingoni), kama .223, lina hadithi nyingine. Likifyatuliwa hupanuka, na kalibu (kifaa cha kulirudishia ganda vipimo vyake) isipolirudisha, bega hugonga mbele kabla kitako hakijakaa. Skrubu ya kawaida ya kalibu ina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 1.81, na moja ya nane ni 0.23. Shusha kwa moja ya kumi na sita, jaribu ganda, shusha tena. Lengo ni kurudisha bega kama milimita 0.05 tu. Kulisukuma mno ni kosa baya zaidi: ganda hunyooka kila linapofyatuliwa, linakonda karibu na kitako, halafu linakatika hapo.

Fataki nayo. Pitisha kidole: lazima iwe chini ya kitako kwa milimita 0.05 hadi 0.10. Fataki iliyochomoza inazuia kufunga, na kuilazimisha kwa mshtuko ni kuipiga nyundo ukiwa hujakusudia. Risasi kama hiyo iweke kando, usiisukume ndani ikiwa imejaa. Kama ni kichwa cha risasi kinachogusa mistari iliyochongwa ndani ya mtutu, kitaonyesha alama ndogo zinazong'aa pembeni. Rudi kwenye urefu uliotajwa katika kitabu cha vipimo, usikisie.

Bastola ikifunga vizuri, ikakoki, kisha nyundo ikaanguka yenyewe unapoigusa au unapofunga, hilo si la mswaki tena. Skrubu za triga zimebanwa kupita kiasi au kingo za kushikia nyundo zimeliwa. Usiijaribu kwa risasi halisi. Ifungue, iweke tupu, mpelekee fundi mwenye leseni pamoja na mtutu ulioleta shida.