Wimbo Una Mwenyewe

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa magari hapa Nakuru, na katika karakana yake redio haikuzimwa tangu asubuhi hadi jioni. Jumapili redio hiyohiyo ilibebwa ikarudishwa nyumbani, na kabla hatujaondoka kwenda kanisani ilikuwa zamu ya waimbaji wa kantri wa Marekani: Jim Reeves, Don Williams, Charley Pride na Kenny Rogers. Baba hakuwa na Kiingereza kingi, lakini nyimbo hizo aliziimba tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno, na alipofika penye huzuni alipunguza sauti kama mtu anayepita karibu na nyumba yenye msiba. Nilikua nikiamini kwamba kila mwimbaji wa kantri ndiye aliyetunga alichokiimba. Nilikuwa mtu mzima, nikipiga gita katika bendi ndogo inayotumbuiza Jumamosi kwenye hoteli ya nyama choma nje kidogo ya mji, nilipofahamu kuwa nyimbo nyingi nilizozipenda zilitungwa na watu ambao sikuwahi kuyasikia majina yao.

Wateja wetu huomba wimbo wa Kenny, au wa Don, au wa Dolly. Kwa Dolly Parton wako sahihi, kwa maana mama yule huandika mwenyewe. Ila hakuna aliyewahi kuomba wimbo wa Don Schlitz, ingawa karibu kila juma tunaupiga wimbo wake The Gambler, yaani Mcheza Kamari, na ukianza tu, meza zote huitikia, hata mpishi aliye kwenye jiko la mkaa huko nyuma.

Don Schlitz alikuwa kijana wa miaka 23 mwaka 1976 alipoutunga wimbo huo. Wakati huo alikuwa Nashville, jimbo la Tennessee, akifanya kazi ya zamu ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na mchana akizunguka kwa wenye kampuni za muziki kuwaonyesha nyimbo zake. Amesimulia kwamba sehemu kubwa ya wimbo ilimjia akiwa anatembea kwa miguu kurudi nyumbani baada ya kuachana na mtunzi mwenzake aliyemtangulia katika kazi, Bob McDill, ila ubeti wa mwisho ulimsumbua kwa wiki kadhaa kwa sababu hakujua yule mcheza kamari mzee wa ndani ya gari moshi angeishia wapi. Bobby Bare aliurekodi, wengine wakaujaribu, na mwishoni mwa mwaka 1978 Kenny Rogers akautoa kwa sauti yake. Ndipo ukasafiri mpaka ukafika kwenye karakana ya baba yangu.

Nataka kukaa kidogo kwenye ule ubeti wa mwisho, kwa kuwa ndani yake ndimo nilimojifunza kazi ya utunzi kuliko mahali pengine popote. Mistari ya mwanzo inakupa usiku, gari moshi na abiria wawili waliochoka, na hakuna neno lililowekwa pale kwa ajili ya kujaza nafasi. Mzee anaomba kinywaji, kisha analipa kwa ushauri, na ushauri huo ndio kiitikio. Mara ya kwanza unapousikia unadhani ni mafunzo ya karata. Kisha ubeti wa mwisho unakuja, mzee anasinzia, na katika usingizi huo anaaga dunia. Kiitikio kinaporudi hakijabadilika hata neno moja, lakini wewe unayesikiliza umebadilika, na yale maneno ya karata yamegeuka kuwa wosia. Laiti Schlitz angeridhika kuumaliza wimbo siku ileile alipouanza, akamwacha mzee akishuka stesheni na kwenda zake, tungekuwa na wimbo mzuri wa kamari ambao baba yangu asingeuimba kwa sauti ya chini.

Ufundi huohuo umo katika Fast Car, yaani Gari la Kasi, ya Tracy Chapman, ambayo ilitoka mwaka 1988 na haikuhesabiwa kuwa kantri hata kidogo. Gari lile linapotajwa mwanzoni ni njia ya kutorokea umaskini. Wimbo unapokaribia kwisha, mwanamke ndiye anayeshika kazi na kulisha watoto, mwanamume anashinda kwenye vileo, na gari ni lilelile, ila sasa mwanamume ndiye anayeambiwa aamue kama ataondoka nalo. Mwaka 2023 Luke Combs, kijana wa North Carolina, aliurekodi upya bila hata kubadilisha yale maneno ambayo mwimbaji ni msichana wa dukani. Novemba ya mwaka huo chama cha muziki wa kantri cha Marekani, CMA, kikautuza kuwa wimbo wa mwaka, na kwa kuwa tuzo hiyo hupewa aliyeandika, ilikwenda kwa Chapman, miaka 35 baada ya kuutoa, akawa mtunzi wa kwanza mweusi kuipokea. Februari 2024 wakasimama wawili kwenye jukwaa la Grammy wakauimba pamoja. Niliitazama video ile kwa simu nikiwa kwenye matatu iliyokwama Gilgil, na nakiri kwamba machozi yalinilengalenga nilipomwona Combs akizifuata kwa midomo sehemu za Chapman, kama mwanafunzi aliyeketi karibu na mwalimu wake.

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu unaomlinda mtunzi, nao ulianza zamani. Shirika la ASCAP lilianzishwa mwaka 1914 na BMI mwaka 1939, na kazi yao ni kukusanya mirabaha ya watunzi kila wimbo unapochezwa hadharani. Jambo lililonishangaza ni kwamba stesheni za kawaida za redio nchini Marekani humlipa mtunzi lakini hazimlipi mwimbaji kwa kuichezesha rekodi yake. Kwa hiyo mtu asiyejulikana na jirani zake anaweza kuishi kwa nyimbo chache alizoandika ujanani. Ndiyo sababu pia Dolly Parton alikataa katikati ya miaka ya 1970 wakati Elvis Presley alipotaka kuimba I Will Always Love You na meneja wake akadai nusu ya haki za uchapishaji. Alilia usiku kucha, kama alivyosimulia mwenyewe, lakini hakutoa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, na haki zote zilikuwa bado mikononi mwa Dolly.

Huku kwetu sheria ipo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na inasema haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tatizo ni mazoea yetu. Wimbo ukisikika, tunauliza nani ameimba. Malaika umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M., umezunguka dunia nzima, na hadi leo watu hubishana kama ni wa Fadhili William, au wa Adam Salim, au wa mwingine. Sidhani kuna huzuni inayolingana na hiyo katika muziki wetu, kwamba wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko karibu nyimbo zote haukuandikiwa jina la mwenyewe kwa namna isiyobishaniwa.

Mimi nami nimeonja kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilimtungia rafiki wimbo wa harusi ya dada yake. Aliupenda, akauimba vizuri, watu wakaushangilia, na baada ya miezi michache nikaukuta kwenye mtandao ukiwa umerekodiwa studio, na chini yake ameandika kuwa ni utunzi wake. Sikuwa na karatasi, sikuwa na tarehe, nilikuwa na daftari la mazoezi lenye maneno yaliyofutwafutwa. Nilipomwuliza alisema, bila ubaya wowote, kwamba mwenye wimbo ni anayeuimba. Niliumia kwa sababu nilijua anasema anachokiamini, na kwamba wengi katika bendi za hapa wangemuunga mkono. Siku hizi kila wimbo ninaoumaliza naurekodi kwa simu, nataja jina langu na tarehe mwanzoni, na ule ninaoutumainia nausajili kwenye Bodi ya Hakimiliki. Usajili hauumbi haki, kwa maana haki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, lakini unakupa ushahidi.

Lakini lililonifanya niandike leo ni swali jingine, nalo ni hili: kwa nini sisi tunaopenda kantri kiasi hiki hatuandiki nyimbo za namna hiyo kwa Kiswahili? Tunao waimbaji hodari. Elvis Otieno, ambaye wote tunamwita Sir Elvis, anaiimba kantri kwa namna ambayo ukifumba macho utadhani uko Texas. Wengi wetu hata hivyo hukopa sauti, kofia na buti, na kuuacha ule ufundi wa ubeti wa mwisho mahali ulipo.

Wakazi wa Kapkatet, Kericho, walitangulia kuonyesha njia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika huko na mashine zake akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimechezwa kwa gramafoni katika sehemu hizo, na masikio ya Wakipsigis yakalipokea jina lake kwa matamshi yao. Katika wimbo wao Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu swala. Hawakuiga uimbaji wake wala gita lake. Walichukua mshangao walioupata, wakautia ndani ya lugha yao na zeze lao la nyuzi, na kilichotoka hakifanani na kitu chochote cha Marekani. Na kule Kisa, Kakamega, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa akilipiga gita kwa vidole viwili huku chupa ya soda ikigongwa kando yake, akasimulia mapenzi na maonyo kwa Kiswahili ambacho bibi yangu alikielewa bila msaada.

Ukijaribu kutafsiri wimbo wa kantri utaona shida mara moja. Mstari wa Kiingereza hupenda kuishia kwa neno fupi lenye mkazo, na tuni huinuka hapo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno letu hushuka linapomalizika. Ukililazimisha neno kwenye tuni ya kukopa, utaimba "mamá" na "nyumbaní", na msikilizaji atahisi kasoro hata kama hawezi kuieleza. Tuni lazima itungwe pamoja na maneno, iachiwe nafasi ya kushuka. Vina havitupi taabu, kwani silabi zetu karibu zote huisha kwa irabu, na kibwagizo tunacho tangu enzi za mashairi ya Lamu na Mombasa, mstari mmoja unaorudi mwisho wa kila ubeti. Mshairi hodari wa zamani alijua vizuri kwamba mstari huo haupaswi kumaanisha jambo lilelile mara zote.

Kuanzia Machi nimekuwa nikihangaika na wimbo mmoja ambao kibwagizo chake kilianza hivi: "Usizime taa, bado niko njiani." Nilihesabu mizani nikakuta sita upande mmoja na saba upande wa pili, na gita lilikuwa likichechemea hapo. Niliongeza silabi moja tu: "Usiizime taa, bado niko njiani." Sasa ni saba kwa saba, na kile kiambishi kidogo kimefanya kazi nyingine ambayo sikuitarajia, kwa sababu taa imekuwa ile taa, koroboi ya mama iliyokaa dirishani, ambayo mwimbaji na mama wanaijua wote wawili.

Katika ubeti wa kwanza mtoto amechelewa kutoka shuleni, mvua ya Menengai imemkuta, naye anaukimbilia mwanga. Katika ubeti wa pili ni kijana aliyeko Nairobi, anampigia mama simu kila Desemba na kumwambia maneno yaleyale, na haji. Nilikwama hapo miezi mitatu. Niliandika ubeti ambao kijana anarudi na kukuta taa imezimika, nikauchana, kwa kuwa kila aliyesikia beti mbili za kwanza angekuwa ameshaubashiri. Niliandika mwingine wa msamaha, nao ukawa mahubiri. Jawabu lilikuja nilipokumbuka kwamba mtu aliye njiani si lazima awe kijana. Katika ubeti wa tatu mwana amesharudi nyumbani, yuko peke yake, na mama ndiye anayepiga simu kutoka kitandani anakouguzwa. Maneno ni yaleyale.

Kuna neno moja lililonikatalia hadi juzi. Nilitaka mama awe "hospitalini", lakini silabi zake nyingi zilijaa kwenye nafasi ya silabi tatu, na nilipoliharakisha, sauti ya mama ikapotea. Nikalitoa, nikaweka "wodini". Jumamosi hii tutaupiga kwa mara ya kwanza, mwishoni kabisa, wakati mkaa unapokuwa umefifia na watu wameshalipa bili zao, na nimemwomba mwenzangu wa besi anyamaze katika kibwagizo cha mwisho.