Jangwani Arizona, Nikimfuata Koyote Asiyeshiba

Nilifika Tucson, kusini mwa jimbo la Arizona, nikiwa na nia moja: kuiona nchi iliyompa sura yake Wile E. Coyote, yule koyote (mnyama wa porini wa Amerika, wa jamii ya mbwa) mwembamba wa katuni za Warner Bros. ambaye tangu Septemba 17, 1949 anamfukuza ndege Road Runner bila kumtia mkononi. Nje ya mji, katika Arizona-Sonora Desert Museum, wanyama hao wawili wanatunzwa, kila mmoja mahali pake. Koyote halisi ana manyoya ya kijivu na kahawia, miguu myembamba, na macho ya manjano yasiyochoka kuchungulia. Ndege mwenyewe hukimbia kiasi cha kilomita 30 kwa saa, ilhali koyote hupita 60. Kwa hiyo mbio za kweli zingekwisha mapema sana, na kinachomponza Wile E. si miguu yake hata kidogo.

Kutoka hapo nilielekea kaskazini. Midungusi mirefu iitwayo saguaro ilizidi kuadimika kadiri nchi ilivyopanda, na karibu na Flagstaff misonobari ikatawala. Njiani nilimfikiria Chuck Jones, mwongozaji wa katuni hizo aliyezaliwa 1912, ambaye alisimulia kwamba utotoni alisoma kitabu cha Mark Twain cha mwaka 1872, Roughing It, ambamo koyote anaelezwa kuwa kiumbe aliyekonda, mwenye njaa ya daima na asiye na rafiki. Njaa hiyo ndiyo mbegu. Jones na mwandishi wake, Michael Maltese, waliiongezea akili nyingi kupita kiasi, na mnyama ambaye angeweza kutega kichakani na kuvizia akaanza kutegemea roketi, sumaku na viatu vya magurudumu vya Acme, kampuni ya kubuni ya katuni hizo.

Kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon, ambako korongo lina kina cha takriban mita 1,600, nilikaa kuliko mahali pengine pote. Kila anayemjua Wile E. anakijua kituko chake cha genge: anapita ukingo, anasimama hewani, haanguki mpaka atambue kwamba chini yake hakuna kitu, na kabla ya kuporomoka anatugeuzia uso. Kwangu mimi, mvuto wake wote umo katika mtazamo huo, kwa sababu hapo anatufanya mashahidi wake, naye hatoi neno. Jones baadaye aliandika kanuni zilizoeleza kwamba ndege haruhusiwi kumdhuru ila kwa mlio wake, kwamba madhara hutokana na makosa ya koyote mwenyewe au hitilafu za bidhaa za Acme, na kwamba adui yake mkubwa kila inapowezekana awe mvutano wa dunia. Ndiyo maana hatumchukii adui huyu. Tumefunzwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Huyu huvumilia kuliko wote, wala hali, nasi tunaona uchungu kwa niaba yake.

Nilipitia Cameron na Kayenta hadi Monument Valley, katika ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya watu wa asili wa Amerika, ambako minara ya mwamba mwekundu inachomoza peke yake kutoka tambarare. Maurice Noble, aliyesanifu mandhari ya nyingi kati ya katuni hizo kuanzia miaka ya 1950, aliyapunguza maumbo ya namna hii hadi yakabaki mistari na rangi kali. Katika michoro, saguaro husimama kando ya minara kama hiyo. Pale bondeni sikuuona hata mmoja, maana makao yake ni mbali kusini nilikotoka. Jangwa la Wile E. limeunganishwa kutoka sehemu mbalimbali, nami naliona kuwa kazi ya ustadi mkubwa.

Wanavajo wana koyote wao wa kale, Ma'ii, mjanja wa masimulizi. Nilimwuliza Mnavajo aliyetuongoza kwenye barabara ya vumbi anisimulie kisa kimoja. Alinieleza kwa upole kwamba visa hivyo husimuliwa majira ya baridi, nasi tulikuwa katika kiangazi. Akaongeza tu kwamba Ma'ii naye mara nyingi huponzwa na ujanja wake mwenyewe.