Jino ndani ya jino: ninavyolisoma kwa picha ya pande tatu

Jino la mbele la pili la juu likiota kama kigingi, au likiwa na kishimo kirefu upande wa ulimi, silichimbi kabla sijaliona ndani. Hapo ndipo enameli, ganda gumu la nje la jino, hupenda kujikunja na kuzama ndani jino linapoundwa tayani; ndiyo hali iitwayo jino ndani ya jino. Eksirei ya kawaida huonyesha mkunjo huo, lakini hulaza mbele na nyuma pamoja, na mfereji wa kiini, nyama hai ya ndani ya jino, hufichana na mfereji wa mkunjo.

Naanza na kipimo cha baridi kujua kama kiini kiko hai, nikililinganisha jino na jino pacha la upande wa pili. Skani ya koni (CBCT), yaani eksirei ya pande tatu, hufuata. Naomba eneo dogo, sentimita 4 kwa 4 au 5 kwa 5, chembe za picha zisizidi milimita 0.125. Taya zima la nini? Linamwongezea mtoto mionzi bure. Kichwa kifungwe na kidevu kiegemee, maana akitikisika kidogo tu kingo huonekana mbilimbili. Jino lipigwe picha kabla ya kuzibwa. Dawa ya kuziba mizizi huchora michirizi inayofanana na ufa.

Kwenye kompyuta, wengi husoma vipande kama vilivyotoka mashineni, na mzizi uliolala mshazari huwadanganya. Nageuza mhimili kwanza ufuate mzizi, kisha nashuka kipande kwa kipande kutoka taji hadi ncha, jicho likiandama ukingo mweupe wa enameli. Mkunjo ukiishia ndani ya taji, ni aina ya kwanza katika mgawanyo wa Oehlers (1957). Ukivuka shingo ya jino na kuishia kama kifuko, ni ya pili. Ya tatu hupenya mzizi na kufunguka ubavuni au kwenye ncha.

Hiyo ya tatu ndiyo inayonifanya nisisitize skani. Mfupa unaweza kuwa umeliwa kwa uchafu wa mkunjo huku kiini kiko hai kabisa, na anayesoma eksirei peke yake hukitoa kiini kisicho na kosa. Jino likijibu baridi, nasafisha mkunjo tu. Kabla ya hapo napima kina chake, unene wa ukuta unaoutenga na kiini, na upana wa tundu la kutokea: likiwa pana, hipokloriti, dawa ya kusafishia, nasukuma taratibu, sindano ikae juu ya tundu, dawa isije ikamwagika mfupani, kisha naziba kwa MTA, simenti ya kuzibia mizizi.