Uzoefu wangu: nilivyopima seleniamu kwenye vijito vya mashambani Colorado, na kwa nini ilibidi nirudi kwenye barafu

Mi nimezaliwa Maji ya Chai, pale Arumeru chini ya Mlima Meru, na waliokulia kule wanajua, wengi wetu tumekua na meno ya kahawia kwa sababu ya floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji. Ukiyakinga kwenye glasi unayaona masafi kabisa, hayana harufu hayana chochote. Kwa hiyo nilipofika Colorado kusoma masta ya mambo ya maji, na profesa akaniambia kuna kitu kinaitwa seleniamu kinatoka kwenye mwamba, kinaingia vijitoni kupitia umwagiliaji na wala hukioni kwa macho, sikuhitaji kushawishiwa, nikamwambia hiyo kazi nipe mimi.

Nikapangiwa Bonde la Uncompahgre, magharibi mwa Colorado, kati ya mji wa Montrose na Delta. Kule ni nusu jangwa, lakini mwaka 1909 walifungua handaki la kama kilomita 9 lililotobolewa mlimani ili maji ya mto Gunnison yaje bondeni, na ndo hayo mpaka leo yanayolima mahindi matamu ya Olathe, vitunguu, na majani ya alfalfa ya mifugo. Sasa chini ya yale mashamba kuna mwamba unaitwa Mancos. Ni matope ya bahari ya zamani sana, enzi za dainosari, yakaganda, rangi kijivu, ukikiponda kipande mkononi kinamong'onyoka tabaka kwa tabaka. Humo ndo seleniamu imelala, pamoja na chumvi. Mvua ya kule ni chache, yenyewe isingeitoa kwa wingi. Ila ukimwagilia kwa mfereji wa udongo, maji yaliyozidi mahitaji ya mmea yanazama chini, yanapenya kwenye ule mwamba, oksijeni na naitreti zilizomo zinaigeuza seleniamu kuwa seleneti, ambayo ndo aina inayoyeyuka vizuri na haishikiki kirahisi na udongo, basi inasafiri na maji ya ardhini mpaka kijitoni, kijito mpaka mto Uncompahgre, mpaka Gunnison, mpaka mto Colorado wenyewe.

Kwa nini watu wanahangaika nayo? Kidogo sana tunaihitaji, mwili wa mtu na wa mnyama hauendi bila hiyo, lakini nafasi kati ya kinachotosha na kinachodhuru ni nyembamba mno. Na haiishii kwenye maji, inaingia kwenye mwani, mwani unaliwa na wadudu, wadudu wanaliwa na samaki na ndege, kila hatua inazidi. Samaki jike anaweza kuonekana mzima kabisa ila seleniamu anaiweka kwenye mayai, watoto ndo wanatoka uti umepinda. Mfano unaojulikana zaidi ni Kesterson, California, ambako maji ya mashamba ya bonde la San Joaquin yalikuwa yanapelekwa kwenye mabwawa ya hifadhi ya ndege, na mwaka 1983 wataalamu wa wanyamapori wakiongozwa na Harry Ohlendorf wakakuta vifaranga ndani ya mayai havina macho, midomo imepinda, miguu haipo. Zile picha niliziangalia usiku mmoja nikashindwa kulala vizuri. Kwenye mto Colorado na Gunnison zipo aina mbili za samaki zilizo hatarini kutoweka, pikeminnow na razorback sucker, na ndo sababu kubwa bonde letu linafuatiliwa.

Haya, sasa kazi yenyewe. Mwaka wa kwanza nilianza mwezi wa sita. Asubuhi napakia deli lenye barafu, chupa, machujio, suruali za mpira zinazofika kifuani, naenda kwenye vituo vyangu. Ukifika unasuuza chupa mara tatu kwa maji ya kijito chenyewe, unachukua maji katikati sio pembeni, unayapitisha kwenye chujio la matundu ya maikromita 0.45, halafu unatia asidi ya naitriki kidogo ili seleniamu isigande kwenye kuta za chupa. Na kila siku lazima uwe na sampo tupu, yaani maji safi ya labu unayapitisha hatua zilezile ukiwa huko huko porini, ili ujue kama uchafu unatoka kwako au kwa kijito. Mwezi wa saba sampo zangu tupu mbili zikaonyesha seleniamu, nikatupa data ya siku hizo zote, iliniuma kwa kweli maana nilikuwa nimeendesha gari saa nyingi. Kumbe nilikuwa naweka machujio kwenye tope la Mancos la ukingoni wakati nafungua chupa. Toka hapo nikawa natandika nailoni safi, glavu mpya kila kituo.

Labu nako kulikuwa na mtego. Mashine ya kupimia inachoma maji kwenye plazma, yaani gesi ya agoni iliyopashwa moto mkali sana, kisha inahesabu atomi kwa uzito. Seleniamu iliyo nyingi zaidi ina uzito 80, na atomi mbili za agoni zikishikana nazo uzito wake ni 80, kwa hiyo usipokuwa makini unahesabu gesi ya mashine ukidhani umekuta seleniamu. Labu ya kwanza tuliyopeleka, namba zilirudi za ajabu, sampo moja ikipimwa mara mbili majibu hayafanani. Tukahamia sehemu wanayopitisha haidrojeni ndani ya mashine kuvunja zile jozi za agoni, mambo yakatulia. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza, kabla hujawapa labu hela waulize kwanza hilo.

Basi msimu ukaisha, nikapanga majibu, nikaona sehemu nyingi nipo karibu na kiwango cha juu kinachokubalika Colorado kulinda viumbe wa majini, maikrogramu 4.6 kwa lita, vituo vingine chini yake kabisa. Nikaenda kwa profesa nikiwa na furaha, nikamwambia nahisi hali sio mbaya. Akaangalia jedwali, akaniuliza swali moja tu: "Mifereji wanaifunga lini?" Nikasema mwezi wa kumi na moja. Akanyamaza, akanirudishia karatasi.

Nilikaa na hilo swali siku mbili ndo likaniingia. Kiangazi kijito kinapokea maji yanayomwagika kutoka mwisho wa mifereji, maji ya theluji kutoka milimani, masafi. Yanachanganyika na maji yanayochuruzika kutoka ardhini, yanaizimua seleniamu. Mifereji ikifungwa, kijito kinabaki na yale ya ardhini peke yake. Nilikuwa nimepima mchanganyiko nikaita hali ya kijito.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza nikarudi. Mama akanipigia WhatsApp nipo nje naandaa vifaa, anasikia upepo, "Mwanangu, vaa soksi mbili," nikamwambia mama nimevaa tatu. Kingo zina barafu, kijito chembamba kimekuwa cheupe kandokando kwa chumvi. Vituo vilevile, na majibu yalivyorudi kituo kilichokuwa chini ya 4.6 kilikuwa kimeipita kwa mbali sana.

Lakini hapo nako nisingeishia, maana kujua maji yana seleniamu kiasi gani kwa lita ni nusu ya habari, lazima ujue lita ngapi zinapita. Chukua kijito kinachopitisha lita 1,000 kwa sekunde zenye maikrogramu 5 kila moja, hicho kinabeba kama gramu 432 kwa siku. Kingine lita 100 zenye maikrogramu 30, kinabeba kama gramu 259. Cha pili ndo kinamuumiza zaidi samaki anayeishi humo, cha kwanza ndo kinautwisha mto mkubwa mzigo. Ndo maana nilikuwa navuta tepu kuvuka kijito, naingia na ile fimbo ya kupimia, kila hatua napima kina na mwendo wa maji, vipande ishirini na kitu, nazidisha, najumlisha. Saa nzima miguu ndani ya maji ya baridi, na hakuna njia ya mkato.

Kilichonipa shida kuliko vyote lakini ni geti. Kituo changu cha muhimu kilikuwa ndani ya shamba la mzee mmoja na alikataa nisiingie. Wakulima wa kule wana sababu ya kuogopa, sheria ya maji ya magharibi mwa Marekani ni aliyewahi ndo mwenye haki ya kwanza, na maji usipoyatumia unaweza kuyapoteza, sasa akija mtu na vichupa anaona ni mwanzo wa kunyang'anywa. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu sikuongelea seleniamu, nilimuuliza zamu yake ya maji inaanzaje, tukaongea, nikamweleza kwetu Meru mifereji ilivyo, zamu zinavyopangwa, na mtu akifungulia maji zamu isiyo yake usiku kinachotokea. Akasema hata hapa ni hivyo hivyo. Akafungua. Sharti lake lilikuwa moja, majibu yote ya kijito chake nimpe yeye kwanza, na nimempa kila mwezi bila kuruka, mazuri na mabaya.

Hiyo ndo ilinifanya nione kwamba mkulima hapaswi kuitwa adui kwenye hii habari. Hajaleta seleniamu yeye, ipo kwenye mwamba tangu bahari ikauke. Kinachowezekana ni kupunguza maji yanayozama. Bonde la kijito cha Montrose Arroyo, mwishoni mwa miaka ya 1990, walibadilisha mifereji midogo ya udongo wakaweka mabomba yaliyofukiwa, na mzigo wa seleniamu ukapungua kwa zaidi ya robo. Nilimchapia yule mzee kurasa za ripoti ya kazi hiyo, akazisoma amesimama pale pale getini, swali lake likawa bomba linalipiwa na nani. Swali la haki kabisa, na nilikaa naye kujaza fomu za ruzuku kwa sababu bila hiyo fedha asingeweza.

Bomba limefukiwa mwaka uliofuata, kabla maji hayajafunguliwa mwezi wa nne. Ila maji ya ardhini yanatembea taratibu, yaliyozama zamani bado yapo njiani yanakuja, kwa hiyo baridi moja haitoshi kusema kitu. Nimeshaomba niongezewe muda. Mzee ameniandikia jana kwamba mifereji imefungwa na kijito kimeshaanza kuwa cheupe pembeni, ananiuliza nafika lini.