Kocha wetu wa magongo

Jana tumemzika kocha wetu wa magongo hapa Tabora. Vumbi la makaburini bado liko viatuni.

Shuleni tulikuwa na magongo sita tu ya dukani. Mengine alituchongea mwenyewe kwa mti wa mpera, mpini akauviringishia tyubu ya baiskeli. Ukipiga vibaya kiganja kinawaka moto!

Jioni, chini ya miembe, alitusimulia Tanzania ilivyocheza magongo Olimpiki ya Moscow 1980 kana kwamba alikuwepo. (Hakuwepo. Alisikia redioni.)

Mimi nilikuwa mzito wa mbio, akaniweka golini: "Baki hapo mwanangu, mpira utakufuata wenyewe."

Baada ya mazishi mama mjane alinikabidhi gongo moja. Tyubu ile ile, imekauka, inapukutika mkononi.