Mapumziko yao yalikuwa ndani ya mashua

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tunakaa kwenye Marko sura ya 6, mstari wa 30 mpaka 34, na naomba kila mmoja afungue asome mwenyewe kwanza kabla hajaendelea hapa, kwasababu kuna kitu humo huwa tunakipita haraka sana tukiwahi mikate mitano na samaki wawili.

Mitume wamerudi kutoka kazini. Walitumwa wawili wawili, wamehubiri, wametoa pepo, wamepaka wagonjwa mafuta, sasa wamekusanyika kwa Yesu kila mtu ana la kueleza. Na mstari wa 29, yaani mmoja tu kabla ya hapo, wanafunzi wa Yohana wametoka kuuchukua mwili wa mwalimu wao aliyekatwa kichwa wakaenda kuuzika. Kwahiyo hapo kuna uchovu na kuna msiba, vyote kwa pamoja, na watu hawaishi kuja, Marko anasema "hata haikuwapo nafasi ya kula". Wale mnaohudumu mnaijua hiyo hali, unatoka kwenye msiba unaingia kwenye kikao, ukitoka kwenye kikao simu inaita. Ndipo Bwana anawaambia: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo."

Sasa angalieni kilichofuata. Wakapanda mashua wakaondoka. Watu wakawaona, wakatambua wanaelekea wapi, wakakimbia kwa miguu kutoka miji yote wakatangulia kufika! Mashua inagusa nchi kavu, pale mahali pasipokuwa na watu pamejaa watu, na jioni yake wanafunzi haohao ndio wanaogawa mikate kwa wanaume elfu tano. Wengi tukifika hapo tunaona kama mapumziko yalishindikana. Mimi naamini hayakushindikana, yalishapita. Yalitokea majini, kati ya ng'ambo hii na ile, na Bwana alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba ndo hayohayo yatakayopatikana, ndo maana alisema "mkapumzike kidogo".

Nilianza kuliona hili vizuri nikiwa Matema, kule Kyela ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tulishuka na kina mama wa fellowship yetu, kosta ikatoka Uyole asubuhi na baridi yake, Tukuyu tukapita mashamba ya chai yakiwa na ukungu, alafu ukianza kushuka kuelekea Kyela masweta yote yanavuliwa, unaingia kwenye migomba, kakao, michikichi ya mawese, mpunga, joto linakupokea mlangoni. Matema yenyewe mnaijua, ziwa liko mbele na milima ya Livingstone imesimama wima pembeni kama inatoka majini. Wenzangu walienda upande wa Lyulilo kutafuta vyungu vya Wakisi, mimi na dada mmoja tukapanda mtumbwi na mzee mmoja mvuvi mpaka kwenye mdomo wa mto Lufilyo.

Ule mtumbwi ni wa gogo moja, mdomo wake mwembamba, unakaa magoti yamebanana. Mzee akaniambia, "Mama kaa katikati, usigeuke geuke." Nikamjibu sawa baba. Ziwani kulikuwa na mawimbi, si makubwa ila yanakurusha, na mimi moyo ulikuwa juu kwa kweli. Alafu akaingiza mtumbwi nyuma ya kingo ya mchanga, tukapita upenyo katikati ya matete, na maji yakalala. Ghafla tu. Ukiangalia chini unaona mawingu, mayungiyungi yameelea, mdiria anatoka kwenye tete hili anakaa lile, kasia likiingia majini unasikia likiingia na likitoka unasikia matone. Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Hapa tunyamaze mama, viboko wako kule." Kwahiyo tukanyamaza, simu zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki zisilowe, hakuna cha kufanya, hakuna wa kumjibu, mwenye kasia ni mzee. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa. Na hapo ndipo ule mstari ukanijia, "kando ya maji ya utulivu huniongoza", Zaburi ya 23, na nililia kidogo wapendwa siwafichi, maana sikumbuki mara ya mwisho nilikaa bila kuwa nimebeba jambo la mtu kichwani.

Baadaye nilimuuliza mzee kwanini pale maji yametulia hivyo wakati ziwa liko palepale linapiga. Akanielekeza kwa kasia. Mto unatoka na udongo huko juu milimani, mvua za Kyela mnazijua zinazidi milimita 2,000 kwa mwaka, mto ukifika ziwani unapunguza mwendo unaachia mchanga, na mawimbi ya ziwa yanausukuma ule mchanga kurudi, yanaujenga unakuwa tuta. Nyuma ya tuta ndo maji yanapolala. Kwahiyo ni yaleyale mawimbi yaliyokuwa yananitisha ndiyo yanayoijenga ile kingo kila siku. Hilo nimelitafakari sana na bado nalitafakari. Bwana hakuliondoa ziwa ndipo nipumzike. Alinipitisha nyuma ya kingo, ziwa likiwa linaendelea na kelele zake mita chache tu kutoka nilipokaa.

Turudi kwenye Marko. Ziwa la Galilaya si kubwa, urefu wake kama kilometa 21 na upana kama 13, ukilinganisha na Nyasa yetu ambayo inazidi kilometa 550 lile ni dogo sana. Mwaka 1986 maji ya ziwa lile yalishuka kwa ukame, ikaonekana mashua ya zamani kwenye matope, ya karne ileile ya kwanza, urefu wake ni mita 8 na kidogo, upana mita 2 na kidogo. Si lazima iwe ndiyo waliyopanda wao, ila inatupa picha ya mashua za siku zile. Hebu muweke Yesu na mitume kumi na wawili humo. Wamebanana bega kwa bega, kuna wanaopiga makasia, hakuna kitanda, wala huwezi kusema wamejitenga mmoja mmoja kila mtu na utulivu wake. Na hayo ndo Bwana aliyaita mapumziko! Saa moja, labda mbili, na Yeye yumo ndani.

Na tukumbuke Injili yenyewe ilitufikia huku kwetu kwa maji. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walikuja kutokea kusini, kwa njia ya mto Shire na Ziwa Nyasa, ndipo wakapanda mpaka Rungwe na Ukonde, yaani nchi ya Wanyakyusa. Kabla hawajajenga nyumba hata moja, kabla hawajajifunza Kinyakyusa, walikaa siku nyingi majini wakisafirishwa. Sidhani kama zile siku zilikuwa za bure.

Sasa naomba niseme na watumishi, na hapa naomba mnivumilie. Huku kwetu mtu akipumzika anaonekana amepoa. Jumatatu maombi, Jumanne kwaya, Jumatano wanawake, Alhamisi jumuiya, Ijumaa mkesha, Jumamosi harusi au msiba, Jumapili ibada tatu, na yule mama anayeongoza yote hayo saa kumi alfajiri yuko sokoni Mwanjelwa anapokea nyanya. Tunamsifu, tunasema mama ana moto. Nawauliza, nani amewahi kumwambia njoo pembeni ukapumzike kidogo? Yesu aliwaambia watu ambao kazi ilikuwa inafanikiwa, wagonjwa wanapona, pepo wanatoka, hakusubiri waanguke kwanza.

Mnaotoka Mbarali mnaijua Ihefu. Lile bwawa la asili linapokea mito ya Usangu, linaishika, alafu linaachia maji polepole kwenye Ruaha Mkuu kupitia kwenye mwamba pale N'giriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya ule mwamba hayatoki hata tone, na tangu 1993 Ruaha ukawa unakauka kabisa kila kiangazi huko Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye vidimbwi, kwasababu huku juu maji yanatumika mengi kabla bwawa halijashiba. Nimeona watumishi wa namna hiyo. Masika wanahubiri vizuri kabisa, kiangazi kikija hamna kitu, na sisi wa chini tunalalamika mto umekauka wakati ni sisi tuliochepusha maji yote juu.

Tazama mstari wa 34, "akawahurumia". Yesu anashuka mashuani, anaona umati uleule aliokuwa ameukimbia, na hakasiriki. Hilo kwangu ndo kubwa kuliko yote kwenye habari hii. Mtu aliyenyimwa pumziko akiona watu wamemtangulia alikokuwa anaenda kupumzika angenuna, angesema hawa watu hawana hata huruma. Yeye moyo wake una nafasi, anaanza kuwafundisha mambo mengi. Na hata baada ya mikate, jioni ileile, anawalazimisha wanafunzi wapande tena mashua, na Yeye anaenda mlimani kuomba. Siku moja, kazi nyingi kuliko siku zote, na bado amelinda vipande viwili vya faragha ndani yake.

Wiki hii kila kikundi kichague mtumishi mmoja, mpeni nusu siku kamili, mbebeeni zamu yake, na msimpigie simu. Wazee wa kanisa naomba tuanze na mchungaji na mama mchungaji.

Tuombe. Baba, unawajua waliochoka humu kuliko tunavyowajua sisi. Yupo anayesoma haya amebanwa kwenye daladala kati ya Uyole na Kabwe, yupo kwenye benchi ya hospitali anasubiri kuitwa, yupo nyuma ya bodaboda anaenda msibani. Hana Matema wala hana likizo. Hicho kipande cha njia kiwe mashua yake, na wewe uwe umo ndani, na akishuka akute moyo wake una nafasi ya kuwahurumia wanaomngoja. Kwa jina la Yesu, amina.