Kuandika kuhusu Imani Palipo na Hatari ya Kususiwa

Kilichonisumbua kwa muda mrefu katika mitandao ya kijamii ni swali la nani ananisoma. Ukurasa wangu ulisomwa na washirika wenzangu wa kanisa, wafanyakazi wenzangu wasioamini, jamaa wa ukoo na watu nisiowajua kabisa, na maneno yaliyowajenga hawa yaliwaudhi wale. Tangu mwaka 2009, Facebook ilipoweka kitufe cha kupenda na Twitter ikaweka cha kusambaza, sentensi iliyoandikwa kwa ajili ya wachache imeweza kufika mbali kwa mguso wa kidole, ikiwa imetenganishwa na yote yaliyoitangulia. Muumini anayeliona hilo hushawishika ama kunyamaza, ama kuandika ili ashangiliwe na upande mmoja.

Nilijiwekea kipimo kimoja: nisichapishe neno ambalo nisingeweza kulitamka kwa sauti ileile mbele ya mzee wa kanisa na rafiki asiyeamini wakiwa wameketi pamoja. Kipimo hicho kiliondoa kejeli, mafumbo ya kumlenga mtu, na ile ibada ya kujionyesha ambayo Yesu aliionya katika Mathayo 6. Msimamo wangu hakikuugusa. Niliendelea kuandika waziwazi kwamba naamini Kristo alifufuka na kwamba imani hiyo inaongoza maisha yangu.

Mtihani ulikuja pale mhubiri mmoja mashuhuri alipoanguka dhambini na watu wakataka asisikike tena milele. Niliandika kwamba akitubu kweli, kanisa lina wajibu wa kumpokea. Kabla ya jioni nilikuwa nimeitwa mtetezi wa waovu, huku waumini wenzangu wakisema nimelegeza maadili na kuhimizana waache kunifuata. (Asidhani mtu kwamba kususiana ni desturi ya wasioamini peke yao, makanisa yalijua kutengana kabla intaneti haijakuwapo.) Picha za skrini za sentensi moja zilizunguka bila aya iliyofuata, iliyosema kwamba msamaha haumrudishi mtu mimbarani wala haumkingi na sheria.

Chapisho sikulifuta, kwa kuwa nilikiamini nilichoandika. Wenye matusi sikuwajibu, nao walioniuliza niliwajibu kila mmoja mara moja tu, maana 1 Petro 3:15 inataka tumjibu anayeuliza, tena kwa upole, na sioni mahali inapotuagiza kushinda mabishano. Usiku nilizima arifa, na kila jibu lililoandikwa nikiwa na hasira nilililaza hadi asubuhi. Mengi hayakutumwa kamwe.

Ujumbe mmoja ulinigusa kuliko kelele zote. Mwanamke aliyewahi kuumizwa na kiongozi wa kanisa aliniandikia kwamba maneno kama yangu hutumiwa kuwafunga midomo waliodhulumiwa. Tuliandikiana faraghani kwa muda, kisha nikaongeza ufafanuzi hadharani bila kumtaja: utaratibu wa Mathayo 18, wa kumwonya ndugu mkiwa wawili, haumlazimishi aliyedhulumiwa kukutana peke yake na aliyemdhulumu, na 1 Timotheo 5 inaagiza wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote, jambo ambalo sisi wapenda amani huwa tunaliruka. Kuhusu toba sikubadilisha neno. Ufafanuzi huo ulisambazwa kidogo sana ukilinganishwa na ile sentensi iliyokatwa, kwa sababu mifumo ya mitandao hii husukuma mbele kile kinachowachochea watu kubishana.

Tangu hapo nimeshika kanuni nyingine, ambayo naiona ngumu kuliko ile ya kwanza: sisambazi picha ya skrini ya maneno ya mtu yeyote ili ashambuliwe, hata akiwa miongoni mwa walionishambulia, na hata nikiwa na hakika kwamba amekosea. Baadhi ya wafuasi waliondoka na hawajarudi. Mmoja wao tunasali naye kanisa moja. Tulizungumza baada ya ibada, bado hatukubaliani, na maoni yake ninayasoma.